Mshipi wa kazi, paja kufa ganzi na mizani ya buchari

Wacha nianze na buchari juu hapo ndio akili ilinifunguka. Jioni moja natoka saiti Ruaka, nimeshuka Zimmerman, nikapitia nusu kilo ya nyama, na mshipi wangu wa kazi, ule wa kubeba vyombo, nilikuwa nimeuangika begani hivi kama mbuzi amechinjwa, sijui ni nini ilinisukuma nikamwambia mwenye buchari boss hebu nipimie hii kitu. Akacheka, akaitundika kwa ile ndoano ya mizani, mshale ukazunguka ukasimama kilo saba na kitu. Saba bana! Mama mmoja alikuwa kwa laini nyuma yangu akauliza hizo ni mbavu ama ni nini. Sasa hizo kilo saba ndio nilikuwa natembea nazo kiunoni kuanzia saa mbili asubuhi mpaka saa kumi na moja, napanda ngazi nazo, nachuchumaa nazo nikifunga soketi za chini, alafu nashangaa kwa nini nikifika kwa nyumba nalala kwa simiti kunyoosha mgongo kabla hata sijavua viatu.

Mimi ni fundi wa stima, kazi yangu zaidi ni nyumba za watu, waya, soketi, taa, shawa za kuchoma maji. Mshipi wa vyombo nimevaa karibu miaka tisa na nakwambia ukweli, minane kati ya hiyo nimeuvaa vibaya.

Kitu ya kwanza kuniamsha haikuwa hata mgongo, ilikuwa paja. Paja la kulia, upande wa nje, lilianza kufa ganzi, alafu jioni linachoma kama mtu amekupaka pilipili, ukiligusa unahisi ni kama ngozi si yako. Nikaingiwa na baridi, nikajiambia hii ni sukari, kwetu wazee wameenda na sukari. Nikaenda kliniki, nikapimwa, sukari iko sawa, daktari (ni msichana mdogo tu, mimi namuita dada) ndio akaniuliza, "Mzee, wewe kazini unavaa nini hapa kiunoni?" Kumbe kuna neva inapita hapo mbele ya mfupa wa nyonga ikishuka pajani, ukiikaba na mshipi umekazwa sana inalia. Inaitwa meralgia. Akasema inapata hata wamama wajawazito na watu wa jinzi za kubana. Dawa yake ya kwanza ilikuwa nilegeze mshipi, basi, na nikalipa pesa ya kuambiwa hivyo.

Lakini kulegeza ndio shida sasa, juu ukilegeza mshipi wa kilo saba unateremka na suruali. Nilikuwa nimeukaza hivyo kwa sababu hiyo. Unakaza, unaumia, unalegeza, unavuta suruali kila dakika tano mbele ya mwenye nyumba, unakaza tena tundu moja zaidi. Kila fundi anajua huo mchezo. Nilifikiria dawa ni kununua mshipi wa bei, nikanunua mmoja mpana wenye sponji ndani, elfu tatu na mia tano, na nikaujaza vitu zaidi kwa sababu ulikuwa na mifuko zaidi. Hiyo ndio akili yangu ya wakati huo.

Mtu alinisaidia ni mzee mmoja anashona ngozi pale Kariokor. Nilikuwa nimeenda tu anirudishie ribiti, ile pini ya chuma ya kushikanisha ngozi, ilikuwa imetoka. Hilo jina Kariokor lenyewe limetoka kwa Carrier Corps, wale Waafrika walibebeshwa mizigo ya jeshi la Mwingereza vita vya kwanza vya dunia, 1914 hadi 1918, wengi sana hawakurudi, na Kariakoo ya Dar ni jina hilo hilo. Sasa mimi niko hapo na mzigo wangu, mzee ananiangalia nikivaa, akaweka sindano chini. Akaniambia, "Kijana, hebu weka kidole gumba hapa ubavuni, shuka polepole mpaka upate mfupa." Nikashuka, nikapata ule ukingo wa nyonga. "Mshipi unafaa kukalia huo. Wewe umeufunga kwa tumbo. Tumbo litabeba nini?"

Na ni kweli. Mimi nilikuwa naufunga pale kitovuni, pahali pa mshipi wa kwenda kanisa. Hapo hakuna kitu ya kushikilia ni nyama tu, kwa hivyo lazima ukaze ndio usianguke. Ukiufunga ukalie ukingo wa ule mfupa, nyuma juu kidogo mbele chini kidogo, uzito unaenda kwa miguu na huhitaji kukaza. Kipimo changu sai ni hiki: natoa pumzi yote, nafunga, alafu naingiza vidole viwili, vikipita bila kusukumana ni sawa. Alafu nachuchumaa. Kama kitu inanichoma kinena ama inasukuma mbavu, sipandi ngazi kwanza, napanga upya. Usijipime ukiwa umesimama peke yake, kila mshipi uko fiti ukisimama, shida inakuja ukipiga magoti kutafuta waya nyuma ya friji ya mtu.

Upana nao ni muhimu na ugumu pia. Nilijaribu ujanja, nikaenda Kirinyaga Road nikanunua mkanda wa kiti cha gari, ile seatibelti ya gari imevunjwa, juu hiyo ni imara na upana wake ni karibu inchi mbili. Imara ni imara kweli, haiwezi kukatika, lakini ni laini mno, ukiweka nyundo upande mmoja inajikunja inakuwa kamba, na kamba ya upana wa kidole yenye kilo nne juu yake wewe fikiria vile inakata. Mshipi mzuri ukiushika ncha moja ukiwa bapa unasimama kidogo kabla ya kuinama. Hiyo seatibelti haikupotea, mzee aliishona juu ya ngozi ngumu, ndio ninayovaa sai, na kwa ndani ameweka ile velkro ya viatu vya watoto. Upande mwingine wa velkro uko kwa mshipi mwembamba unapita kwa matanzi ya suruali. Unavaa mwembamba asubuhi kama kawaida, ukifika saiti unabandika ule mkubwa juu yake, krrrp, haushuki na hauzunguki. Suruali haivutwi na vyombo tena. Hii kitu peke yake ilinirudishia heshima.

Ukienda Gikomba kwa mitumba utapata pia zile za kijeshi, mkanda una safu za utepe zimeshonwa kwa kuruka ruka, mfumo unaitwa MOLLE, wanajeshi wa Marekani walianza kuutumia miaka ya 1990. Ni nzuri na bei ni ya kuongea, mimi niliona moja nikapewa kwa mia sita. Lakini watu wanazifunga vibaya, wanapitisha ulimi wa pochi (ule mfuko wa kuweka vyombo) moja kwa moja chini ya safu zote za mkanda wanafunga. Unatakiwa kusuka kama mkeka: safu ya mkanda, safu ya mgongo wa pochi, rudi kwa mkanda, rudi kwa pochi. Ukisuka hivyo pochi inakuwa kitu kimoja na mkanda, usipofanya hivyo inaninginia inakugonga pajani kila hatua. Na tafadhali chukua nyeusi ama kahawia, usinunue ya madoadoa ya jeshi, Nairobi hii utakuja kueleza polisi saa mbili usiku na haujui uanzie wapi.

Sasa vitu vyenyewe. Nilimwaga kila kitu kwa shiti sakafuni, mama Shiru akapita akauliza, "Baba Shiru, unafungua hadiwea?" Kulikuwa na spana ya maji. Mimi si fundi wa maji! Kulikuwa na tepu meja mbili, skrubu za kila saizi karibu nusu kilo, tindo mbili, vipande vya waya ya 2.5 nimekunja nikasema vitasaidia. Nikafanya hivi: kila kitu nikaweka kwa ndoo ya rangi ya lita ishirini, nikaenda kazini na mshipi mtupu. Nikihitaji kitu naenda kwa ndoo, na kitu nikikitumia mara tatu siku hiyo ndio kinaruhusiwa kupanda mshipi. Siku mbili nilihangaika nikionekana mjinga, nikishuka ngazi kila mara, na hapo ndio unajua mkono wako unataka nini. Ulitaka testa (ya kupima kama waya ina stima), plaizi, saidkata (ya kukata waya), skrudraiva mbili, kisu, tepu nyeusi, penseli na tepu meja. Nyundo siku ya kuchimba ukuta peke yake. Hiyo ndoo bado natembea nayo, inakaa chini ya ngazi na ndio kiti yangu ya saa saba nikila. Niliporudi kwa buchari mshale ulisimama kilo tatu na nukta mbili, jamaa akasema huyu mbuzi wako amekonda.

Kwa kupanga, zile video za wazungu zinasema weka hii saa tatu weka ile saa tisa, hapo achana nao, saa tatu yao ni saa tisa yetu utaishia kuweka nyundo pahali pa plaizi. Mimi nasema kulia na kushoto. Mkono wangu ni wa kulia, kwa hivyo plaizi, saidkata na skrudraiva ziko kulia, nyuma kidogo ya mshono wa suruali, pale mkono unaanguka wenyewe ukiulegeza. Kushoto kuna kisu, tepu meja na kile kimfuko cha skrubu cha siku hiyo, na skrubu nahesabu kabisa, za soketi sita nabeba za soketi saba. Mbele nimeacha wazi kama upana wa viganja viwili ndio niweze kuinama na pia ile neva ipumue. Testa ndio kitu pekee iko juu karibu na mfuko wa shati, na haibadilishi pahali hata siku moja, juu mimi sishiki waya bila kupima, hata mwenye nyumba akiniapia amezima.

Nyuma katikati usiweke kitu ngumu. Hii sikusoma mahali. Ngazi iliteleza kwa tailsi nikashuka hatua tatu tu, tatu, nikakalia nyundo iliyokuwa imening'inia pale juu ya mkia. Wiki mbili nilikuwa nasafiri na matatu nikiwa nimesimama, konda ananiambia mzee kiti iko, namwambia wacha tu. Tangu siku hiyo mgongoni kuna nafasi tupu, labda kitambaa.

Kitu nyingine ya watu wa stima, ile cheni ndogo ya kuangikia tepu, itoe. Inapendeza lakini ni chuma inaninginia, na wewe unaenda kuinama mbele ya bodi ya stima iko wazi na volti 240 ndani. Nimeweka kamba ya kiatu. Plaizi pia nimezifunga kwa kamba ya mpira kwa mshipi nikiwa juu, sababu moja niliwahi kuangusha kutoka gorofa ya tatu ikatua kwa mchanga, hatua moja kutoka kwa kijana wa mjengo aliyekuwa anakoroga. Aliangalia plaizi, akaniangalia, hakusema kitu. Ningependelea angenitukana.

Siku za nyundo na dirili naongeza mikanda ya mabega. Sikununua, nilikata kamba za begi la shule la Shiru lililokuwa limeraruka, zile zina sponji tayari, mzee akazishona pointi nne, mbili mbele mbili nyuma. Ukizivaa mabega yanachukua sehemu, na unaweza kulegeza mshipi kidogo. Zina joto lakini, na January hazivaliki, jasho linashuka mpaka kwa soksi.

Na uvue! Kwa boda uvue, kwa matatu uvue, chakula uvue. Kwa hivyo kifungo kiwe cha kubonyeza, klipu kama ya begi, si chuma ya matundu ya kuhangaika nayo. Kuna geti moja Kileleshwa askari alinitoa kitu moja moja akiandika kwa kitabu, skrudraiva nyekundu, skrudraiva ya njano, watu nyuma wanapiga honi. Sai nafika nimeshaufunga ndani ya ndoo na kifuniko, anaangalia juu juu ananiita fundi, napita. Mtoto wa jirani alikuwa ananiuliza, "Ankoo, wewe ni askari?" Ameacha pia.

Ngozi ikinyeshewa, hizi mvua za April, usianike karibu na jiko, inakauka inakuwa kama mbao na ribiti zinaanza kung'oka. Jaza magazeti ndani ya pochi, tundika kwa msumari kivulini, kesho yake paka mafuta kidogo.

Kitu bado inanisumbua ni dirili. Nimeijaribu kulia, inagonga goti, nimeijaribu kushoto, betri inanikwaruza mkono nikiinua. Jana usiku nimekata mfano wa pochi na boksi ya viatu, imeinama hivi mdomo ukiangalia nyuma, nimeifunga na tepu nikatembea nayo kwa nyumba na dirili ndani, nikachuchumaa, nikapanda stuli. Imeshika. Jumamosi nampelekea mzee hiyo boksi.