Siku moja gerejini Kariobangi: Vitz iliyoamini haijapata moto

Saa moja asubuhi. Kariobangi Light Industries, hapa Nairobi, imeshaamka, wachomeleaji wanagonga mabati kabla sijafungua kufuli.

Saa mbili. Inaingia Vitz ya teksi, ekzosi inatoa moshi mweusi. "Fundi, hii gari inanimaliza," dereva ananiambia. "Mafuta ya elfu mbili hayafiki jioni." Taa ya injini haijawaka, ndiyo maana amezungushwa huku na kule akiuziwa plagi. Lakini kwenye dashibodi ile taa ya buluu, ya injini baridi, bado inawaka, na gari limetoka Ruiru sasa hivi!

Nachomeka skana, kifaa cha kusoma kompyuta ya gari: joto la maji ya injini, nyuzi 31. Naelekeza kipimajoto cha miale kwenye kifuniko cha themostati, vali inayozuia maji yasiende kwenye rejeta mpaka injini ipate moto: 88. Themostati ingekuwa imekwama wazi, vipimo vyote viwili vingekuwa chini. Basi tatizo ni sensa ya joto. Kompyuta inaisadiki, inadhani injini ndiyo kwanza imewashwa, inazidi kumwaga petroli. Plagi zinashika masizi, gari linakuwa zito mlimani. Kinachonitia hofu zaidi ni feni. Katika magari mengi feni huwashwa na kompyuta hiyo hiyo, kwa hiyo kwenye foleni ya Thika Road injini yaweza kuchemka huku kompyuta ikiiona baridi.

Saa nne. Injini imepoa, nimeing'oa sensa. Sensa ya Toyota ya aina hii huwa na ukinzani wa umeme wa takriban omu 2,450 kwenye nyuzi 20, na kama 320 tu kwenye nyuzi 80. Naitumbukiza kwenye maji ya moto, naunganisha mita. Inagoma juu ya 1,500, kana kwamba maji ni baridi. Mimi siagizi spea kabla ya kipimo kama hiki. Kijana wangu anakwenda Kirinyaga Road kutafuta nyingine.

Saa nane. Mama mmoja anayebeba mboga kwa Probox ameambiwa kwingine anunue sensa ya oksijeni, ile inayopima moshi kwenye ekzosi, kwa sababu skana ilitoa namba ya hitilafu P0171. Namba hiyo husema hewa imezidi petroli. Haisemi nani wa kulaumiwa, na huenda sensa ya oksijeni ndiyo iliyosema kweli. Nainama na tochi: paipu ya mpira imepasuka baada ya sensa ya kupima hewa. Injini inavuta hewa ambayo haikupimwa, hivyo petroli haitoshi, gari linakatakata. Paipu tu! Hili linaniuma sana. Watu wanatoa akiba ya miezi kununua kifaa kizima kwa sababu hakuna aliyeinama kutazama.

"Kwa hivyo ile sensa nisinunue, fundi?"

"Usinunue, mama. Yako ni nzima."

Saa kumi. Vitz imepata sensa mpya na plagi zimesafishwa. Tunaijaribu Outering Road. Taa ya buluu inazima baada ya dakika chache, moshi umekwisha, na tukisimama kwenye msongamano feni inawaka yenyewe. Namwambia dereva abadilishe oili pia, maana petroli iliyozidi huteremka ndani ya oili na kuifanya nyepesi, ikashindwa kulinda vyuma.

Anachomoa kijiti cha oili, anakinusa, anakunja uso.

"Badilisha leo leo, fundi."