Cheti ya kupima radoni: namna nilipita, na madirisha ya mama

Kila nikirudi Lubumbashi likizo batu bananiuliza ile kazi yako ya kupima hewa ndani ya nyumba za Marekani njo kazi gani, na cheti uliinunua wapi. Sikuinunua! Na yule ndugu aliyenishauri mara ya kwanza, heri angenyamaza. Aliniambia ukishapata cheti ya NRPP, ile programu ya Marekani ya vyeti vya radoni, unapiga kazi jimbo lolote. Uongo. Pennsylvania, kule yaya, mkubwa wangu, anakaa, iko na sheria yake tangu 1987, ukitaka kupima nyumba ya mtu kwa pesa lazima jimbo lenyewe likukubali. Mi nikapata karatasi ya kwanza nikajua nimemaliza, kumbe nikabeba makartoni kwenye depo miezi mizima nikingojea dosie ya pili. Uliza jimbo lako kwanza kabla ya kulipa hata dola moja.

Radoni ni gesi inapanda kutoka kwenye udongo wenye urani, haina harufu, haina rangi, na kule Marekani, ukitoa sigara, hakuna kitu kinaleta kansa ya mapafu kuipita. Siye wa Katanga tunacheka tu, urani nyingi ya bomu ya Hiroshima ilitoka hapa Shinkolobwe, upande wa Likasi, na mi sijaona mutu anakuja kupima chumba cha mama.

Basi nikakipima miye. Ile kozi ya cheti, ya masaa 16, nilisomea kwa intaneti nikiwa bado huku, usiku, megabaiti zikiisha naomba kwa jirani. Yaya akanitumia mashini ya okazio, iliyokwisha kutumika, inaandika namba kila saa. Sharti yake: madirisha na milango ya nje vifungwe masaa 12 mbele, na vikae hivyo masaa 48 yote ya kipimo, unapita mlangoni unafunga. Sasa mwezi wa kumi, mtaa wetu wa Katuba, mvua bado, joto unalijua. Mama akasema, "Mwana, unataka kunipika?" lakini akakubali.

Siku mbili zikapita, naangalia mstari: usiku unapanda vizuri, saa tano asubuhi puu, umeanguka. Kesho yake saa tano, puu tena. "Mama, ulifungua?" "Hapana." Sawa. Mara ya pili nikakata vipande vya gazeti, nikavibandika kati ya dirisha na fremu kwa bukari, ule ugali wetu, vile tulikuwa tunabandika makaratasi tukiwa batoto. Nilijiona fundi! Siku ya mwisho nakuta vyote viko mahali, nikafurahi, nikagusa kimoja kwa kidole: bukari bado laini. Mama alifungua, kisha akabandika tena na bukari ya mchana ule ule. "Nilikuwa nakaanga makayabu, samaki ya chumvi," akasema, "ulitaka nguo zangu zinuke?" Mara ya tatu mbabula, jiko lake la makala, ikaenda chini ya muembe, na kipimo kikakubali.

Mtihani nilifanyia kule, na mara ya kwanza nikaanguka. Juu ya nini? Futi na inchi! Mi kichwani niko na mita, banauliza mashini ikae wapi: angalau inchi 20 kutoka chini, futi 3 kutoka dirishani. Dawa yake, inchi 20 ni goti langu, futi 3 ni hatua yangu moja ndefu. Na ile 4 ya Bamarekani, pikokiri kwa lita moja ya hewa, ambayo ikifika banakuambia tengeneza nyumba, zidisha na 37 utapata 148, njo bekereli kwa mita moja ya ujazo ya hewa.

Pesa usiniulize vizuri, ukihesabu na mashini ndani inapita dola elfu, na haiishi, kila mwaka mashini inarudi kurekebishwa na cheti unaifanya upya kila miaka miwili, na kila nyumba kumi unaweka vipimo viwili pamoja kwa moja, uone kama vinasema kitu kimoja.

Nilipopita nikapigia mama simu. Akauliza kitu kimoja tu: sasa ninaweza kufungua dirisha?