Nilivyojitahidi kulipa mkopo wa gari bila kuwaumiza walionidhamini

Mapema mwaka wa 2023, muuzaji wa yadi moja ya magari hapa Nairobi aliniambia ningeondoka na gari siku hiyohiyo: nitoe malipo ya awali ya laki mbili unusu, na laki nane zilizobaki nizilipe kwa miaka minne kwa riba ya asilimia 14 kwa mwaka. Riba hiyo ilipigwa juu ya laki nane zote mpaka mwisho, hata deni likishapungua kabisa. Sacco yetu ya walimu, yaani ushirika wa akiba na mikopo, ilitoza asilimia 1 kwa mwezi, kwa deni lililobaki tu. Nikachukua kalamu. Kwa yadi, 26,000 kila mwezi. Kwa sacco, 24,667 mwezi wa kwanza na kupungua hadi 16,833 mwezi wa mwisho. Mwanzoni tofauti ni ndogo, lakini ukijumlisha riba yote, yadi ingechukua 448,000 na sacco 196,000. Nikaenda sacco.

Huko hukopeshwa mara tatu ya akiba yako, na kinachozidi akiba hiyo hudhaminiwa na wanachama wenzako. Wengi huichukulia dhamana kama sahihi ya urafiki. Kumbe akiba ya mdhamini hushikwa: hawezi kuitoa wala kuitegemea kukopa mpaka deni lako lishuke. Ukishindwa kulipa, inakatwa hiyo.

Sheria ya ajira hairuhusu makato kupita theluthi mbili za mshahara, nami nilikuwa ndani ya mpaka huo. Kisha mambo yakabana. Ushuru wa nyumba wa asilimia 1.5 ya mshahara ukaanza mwaka huohuo, na kufikia Septemba petroli ikawa shilingi 211.64 kwa lita Nairobi, ilhali nilipokopa ilikuwa chini ya 180. Mkopo hukatwa kwenye mshahara kwanza, kwa hiyo kilichopungua ni cha nyumbani. Siku za kazi nikaliacha gari na kupanda matatu. Jirani zangu walishangaa. Mimi niliona ni afadhali gari lilale kuliko watoto walale njaa.

Uzito wa dhamana niliusikia vizuri zaidi kwa mwalimu mwenzangu mmoja, aliyenidhamini bila kusita. Binti yake alipopata nafasi chuoni, mama huyo alienda kukopa karo, akaambiwa sehemu ya akiba yake imefungwa kwangu. Alinijia kwa upole: "Mwalimu, ile dhamana yako bado inanishika." Hakulalamika, na hilo ndilo lililoniuma. Nikaomba zamu yangu ya kupokea fedha katika chama chetu cha kuchangiana isogezwe mbele, wenzangu wakakubali, nikapeleka fedha zote kwenye mkopo na kuomba jina lake liondolewe. Karani alinionyesha kwenye skrini akiba yake ikiwa huru, nikampigia simu nikiwa bado dirishani. Binti alikuwa amechelewa kuripoti kwa wiki kadhaa. Hilo najutia mpaka leo, ingawa mama yake mwenyewe husema yameisha.

Majuzi kijana tunayefundisha naye aliniomba nimdhamini kwa laki mbili unusu, naye anataka gari. Nilimwomba hati yake ya mshahara, tukapiga hesabu pamoja: mafuta, bima, huduma ya gari, karo ya mdogo wake. Nikamtilia sahihi ya laki moja.