Utakaa wapi?

Yule mwanangu mdogo alikuwa anapaka ulimbo upinde wa fidla, unga mweupe unamwangukia magotini, akaniuliza bila kuinua macho: "Mama, kesho utakaa wapi?"

Kipande atakachopiga ukumbini ni cha dakika mbili. Nikamwambia nitakaa atakapotaka yeye, kisha nikaenda jikoni nikafungua bomba bila kuwa na cha kuosha.

Mimi nami ni mpiga fidla, na hofu ya jukwaa nilianza kupambana nayo kwa vidonge. Propranolol hupunguza mapigo ya moyo na mtetemeko wa mikono, nayo ilinivusha kwenye zile noti ndefu za polepole ambazo upinde ukitikisika kidogo tu, ukumbi mzima unajua. Hofu yenyewe haikuigusa. Nilijifariji kwamba hata Pablo Casals, yule gwiji wa cello, aliogopa jukwaa maisha yake yote. Ila Casals alikuwa Casals.

Ndipo nikaenda kwenye tiba ya mazungumzo. Nilitegemea kufundishwa kupumua. Mtaalamu akataka kujua utotoni, nikianguka, nilikuwa namkimbilia nani. Nikaona tunapotezeana muda. Miezi ikapita hivyo.

Siku moja nilikuwa nasimulia kitu kidogo tu cha mazoezi ya okestra. Akatupa jicho kwenye saa iliyokuwa nyuma ya bega langu. Halikuwa hata la sekunde moja. Maneno yakanikatikia. Vidole vikawa baridi, mdomo ukakauka, goti la kushoto likaanza kucheza, goti lile lile la jukwaani. Na hapo hapakuwa na jukwaa wala fidla. Viti viwili tu na boksi la tishu. Nikatabasamu, nikasema samahani, nimesahau nilikuwa nasema nini.

"Nimeangalia saa," akasema. "Uliponiona, umesikia nini?"

Swali la ajabu, maana nilikuwa nimesikia kweli. Nilisikia mlango.

Mama alikuwa akinisikiliza nikifanya mazoezi, ameketi kitandani na ushoni wake. Nikikosea hakufoka. Alikunja kitambaa, akatoka, akauvuta mlango taratibu ili kitasa kisilie. Simlaumu, huenda alikuwa na sufuria motoni. Lakini tangu nina miaka saba nimepiga fidla sikio moja likiwa kwenye mlango ule.

Yule mtaalamu hakuniambia nimsamehe mtu. Alinieleza jaribio la mwanasaikolojia Mary Ainsworth: mama anamwacha mtoto chumbani kidogo, kisha anarudi. Wako watoto wasiolia, wala hawamtazami mama akirudi. Wanaendelea na vitu vyao vya kuchezea. Ukiwaona utasema wametulia. Watafiti waliokuja kupima mioyo yao walikuta inakwenda mbio.

Nililia kwa ajili ya watoto hao, nisiowajua. Kwa ajili yangu ilichukua muda zaidi. Vidonge sijaviacha kabisa, vimepungua tu. Goti bado linacheza, ila siku hizi nalijua linamsubiri nani.

Kesho yake nilikaa mstari wa pili, kiti cha pembeni, kama alivyoagiza. Alikosea mara mbili. Ya kwanza alinitazama, nami nilikuwa namtazama. Ya pili nilikuwa nimeinamia mkoba natafuta leso. Nilipoinua kichwa alikuwa ameshaendelea, macho yakiwa kwenye nyuzi.

Nyumbani nilimuuliza kama aliniona. Akasema, "Saa ngapi?"