Dola tano za Nyanya

Mmoja wa wazee niliowahudumia Regina, kule Saskatchewan, Kanada, alikuwa bibi wa Kikrii, mmoja wa wenyeji wa asili wa nchi ile. Nilimwita Nyanya tangu wiki ya kwanza, maana mdomo wangu wa Mombasa ulikataa kumwita mtu wa umri ule kwa jina lake, kama walivyofanya wenzangu kazini. Aliponiuliza maana ya neno hilo nikamweleza. Akasema kwao ni kohkom, na kuanzia siku ile mimi nikawa nosisim, mjukuu wake.

Septemba 2024 akaniuliza kama siku yangu ya mapumziko ningeweza kumpeleka Fort Qu'Appelle.

"Nakwenda kuchukua pesa zangu kwa serikali."

"Kiasi gani, Nyanya?"

"Dola tano."

Nilicheka. Najua nilikosa adabu, lakini nilicheka. Ni kama kilomita 70 kwenda, 70 kurudi, na mafuta hayauzwi kwa salamu. Nikamwambia dola tano nitampa mimi, tukae tunywe chai. Akanitazama vile wazee wanavyomtazama mtoto aliyemwaga uji.

"Zako sizitaki."

Basi tukaenda. Njia ni nyika tupu, ngano imeshavunwa, kumebaki mabua. Ukishaamini kwamba dunia nzima ni bapa, ghafla ardhi inazama chini yako na bonde linafunguka, na maziwa yake yamepangana. Alianza kusimulia kabla hatujafika hapo.

Mkataba wa Nne, wa ardhi kati ya wenyeji na serikali, ulitiwa saini katika bonde hilo tarehe 15 Septemba 1874, kwa hiyo mwaka ule ulikuwa unatimiza miaka 150. Upande mmoja walikuwa Wakrii, Wasaulteaux na Waassiniboine. Upande wa pili Alexander Morris, akisema kwa niaba ya Malkia Victoria. Mazungumzo yalikwama siku kadhaa kwa sababu ya Kampuni ya Hudson's Bay, ya Waingereza wa biashara ya manyoya, iliyokuwa imeiachia Kanada nchi ile kwa pauni 300,000. Chifu Pasqua akamnyooshea kidole mtu wa Kampuni pale pale barazani: wewe ulituambia umeuza ardhi yako kwa pesa zote hizo, basi pesa hizo tunazitaka sisi. Nyanya alisimulia haya akicheka na kupiga paja, utadhani alikuwepo.

"Wakapewa?" nikauliza.

"Wapewe wapi!"

Walichopata ni ahadi: maeneo ya kukaa, shule, majembe, ng'ombe wa kulimia, mbegu. Na dola tano kwa kila mtu kila mwaka, mkubwa kwa mtoto. Chifu dola 25, wazee wake wa baraza 15. Nchi yenyewe ni kilomita za mraba zaidi ya 190,000, karibu theluthi ya Kenya. Bei ya kila kitu imepanda tangu wakati huo, lakini tano imebaki tano.

Tulipokaribia kibao cha njia ya kwenda ilipokuwa shule ya bweni aliyosomeshwa kwa lazima, kama watoto wengi wa wenyeji, aligeuza uso akatazama upande wa pili. Hapo sikuuliza kitu.

Baadaye akaniambia habari za baba yake. Kutoka nje ya eneo lao, hata kwenda kumtazama mtoto shuleni, ilibidi aombe cheti kwa ajenti wa serikali. Hapakuwa na sheria ya bunge iliyosema hivyo. Ulikuwa utaratibu tu, ulioanza mwaka 1885 baada ya Wametisi, watu wa damu mchanganyiko ya Wazungu na wenyeji, na baadhi ya Wakrii kupigana na serikali, ukaendelea miaka mingi. Kuuza ndama wako mwenyewe kulihitaji kibali kingine.

"Kipande!" nikasema kwa sauti, karibu nipitilize njia.

Nikamweleza habari za babu yangu, aliyekata mkonge Voi huku kipande, kile cheti cha wakoloni, kikining'inia shingoni ndani ya kibweta cha bati, kama njuga ya mbuzi. Alitaka kujua ukubwa wake, nikamwonyesha kwa vidole. Akauliza kama nasi tulikuwa na mkataba. Nikasema babu yangu hakuwa nao, ila Wamaasai walikuwa nao: wa mwaka 1904, uliosema utadumu maadamu Wamaasai wapo duniani. Mwaka 1911 ukaletwa mwingine, wakahamishwa kutoka Laikipia.

"Miaka saba!" Alisikitika kweli, kama mtu aliyeibiwa kuku anayesikia kwamba jirani kaibiwa ng'ombe. "Wetu bado upo."

Tulipanga foleni. Mezani alikaa karani mwenye orodha, na kando yake askari wa polisi katika koti jekundu la sherehe. Nyanya alitoa kitambulisho chake, karani akatafuta namba, akampa noti moja ya buluu. Akaigeuza huku na huku kama mwenye duka anayeogopa noti bandia. Kisha akampa karani mkono, akampa askari mkono, akasema, "Tutaonana mwakani." Nyuma yetu kijana mmoja na watoto wake watatu walichukua ishirini.

"Umeona?" akaniambia tukitoka. "Anayelipa anakiri. Wakiacha kunipa hii, watakuwa wamesema nini?"

Tulikula banoki ya kukaanga, ambayo ni mahamri yasiyo na iliki, na chai. Bei ilizidi dola tano kwa mbali. Nilipotoa pochi akanipiga mkono, akalipa kwa noti ya ishirini kutoka mkoba mwingine. Ile ya buluu ilikuwa imeshaingia kwenye bahasha iliyoandikwa 2024 kwa kalamu.

Njiani kurudi akauliza niliapa lini uraia. Nikasema 2022, nyumbani, mbele ya kompyuta, mke wangu akinipiga picha.

"Uliapa nini?"

Nikaanza: utii kwa Malkia, kufuata sheria za Kanada, pamoja na Katiba inayotambua... nikanyamaza. Haki za mikataba. Maneno hayo yaliongezwa kwenye kiapo mwaka 2021, na mimi nilikuwa nimeyasoma mbio mbio, mkono juu, nikiwaza pilau.

"Kumbe nawe umo," akasema, akavuta blanketi magotini.

Alilala kabla hatujamaliza kupanda kutoka bondeni. Nikaendelea kuendesha huku nikijaribu kukumbuka kiapo kizima, neno kwa neno, na kilinijia nusu tu.