Minyoo waliorudi kwa Pamba

Pamba ni paka mweupe pe, na weupe huo ndio ulionichelewesha. Asubuhi moja nilikuwa nakung'uta shuka la bluu analolalia, nikaona vipunje vitatu kama mchele. Nikadhani ni mchele kweli. Kimoja kikajivuta, kikarefuka, kikajikunja tena. Nilichuchumaa nikakitazama mpaka kikaacha kusogea. Viwili vingine vilikuwa vimeshakauka, vya manjano, vidogo kama ufuta.

Vile ni vipande vya tegu. Tegu mwenyewe hujishikiza kwenye utumbo mwembamba, na vipande vya nyuma vya mwili wake hukatika vikiwa vimejaa mayai, vikatoka na kinyesi au vikatambaa vyenyewe hadi nje. Kwa hiyo anza kutafuta chini ya mkia na pale mnyama anapolala. Hata kinyesi kikipimwa kwa hadubini, tegu huyu mara nyingi haonekani, kwa kuwa mayai yake hubaki ndani ya vipande.

Nilimpa prazikwanteli, dawa ya kuua tegu, kwa kipimo alichoandika daktari wa mifugo. Hakutoka mnyoo hata mmoja, na hilo ni kawaida: dawa ikishamlegeza tegu, utumbo humyeyusha. Wiki ya nne vipunje vikarudi. Nikampa tena, vikarudi tena. Nikailaumu dawa.

Daktari hakubishana nami. Alichukua kitana chenye meno membamba, akamchana Pamba mgongoni karibu na mkia, akakung'utia uchafu wake kwenye karatasi nyeupe iliyoloweshwa maji. Vijidoa vyeusi vikaanza kutoa wekundu. Kile kilikuwa kinyesi cha viroboto, yaani damu ya paka wangu iliyokwisha kumeng'enywa.

Hapo ndipo nilipoelewa. Kiroboto akiwa bado kiluwiluwi hula mayai ya tegu, akikua anakua naye. Paka akijilamba akammeza kiroboto huyo, baada ya wiki tatu hivi vipunje vinaonekana upya. Dawa yangu ilikuwa inafanya kazi kila mara, ila huua tegu aliyepo siku ile tu, haimkingi mnyama na atakayemezwa kesho. Tukawatibu viroboto wanyama wote wa nyumbani siku moja, tukafua matandiko kwa maji ya moto, tukasafisha nyufa za sakafu wiki baada ya wiki, maana kiroboto aliyejifungia ndani ya kifuko chake husubiri muda mrefu. Nakuomba jambo moja: usimpake paka dawa ya viroboto ya mbwa. Nyingi zina pemethrini, sumu ya wadudu, na pemethrini huua paka.

Kibuyu, mtoto wetu wa mbwa, ni habari nyingine. Tulimwita hivyo kwa sababu ya tumbo lake la mviringo, tukaamini ameshiba. Lakini ukimpapasa, mbavu zilihesabika, na manyoya yake hayakuwa na mng'ao. Usiku mmoja akatapika minyoo wawili weupe, warefu, waliojikunja kama tambi. Mtoto wa mbwa huzaliwa nao. Viluwiluwi hulala kwenye nyama za mama, mimba ikikomaa huamka wakapita kwenye kondo la nyuma, wengine wakafuata kwenye maziwa. Ndiyo sababu watoto wa mbwa huanza dawa wakiwa na wiki 2, wakarudia kila baada ya wiki 2 mpaka wameachishwa ziwa, kisha kila mwezi hadi miezi 6. Watoto wa paka huanza wiki ya 3. Mama naye anatibiwa pamoja nao. Na mpime uzito kila mara kabla ya dawa: kipimo cha mwezi uliopita hakimtoshi mtoto anayekua.

Mbwa akijiburuta kwa makalio, wengi husema minyoo. Mara nyingi ni vifuko vya pembeni mwa njia ya haja kubwa vilivyoziba. Mimi huangalia fizi kwanza. Inua mdomo, bonyeza kwa kidole: zikiwa nyeupe badala ya waridi, minyoo wa safura huenda wanamnyonya damu, na kwa mtoto mchanga hilo halingoji kesho.

Kinyesi naokota kila siku. Mayai ya wale minyoo wa Kibuyu hayaambukizi yakiwa mabichi. Yanahitaji wiki mbili au zaidi kwenye udongo, kisha hudumu humo miaka. Mtoto akiyameza kwa mikono michafu, viluwiluwi vinaweza kusafiri hadi jichoni na kuliharibu. Nina mtoto wa miaka minne anayechimba udongo kila jioni, kwa hiyo hili silifanyii mzaha.

Kibuyu sasa ana miezi mitano. Dawa yake inayofuata ni Jumamosi, na Pamba atapakwa ya viroboto siku hiyohiyo.