Kofia ya boksi

Hii ni ya zamani kidogo, nilikuwa ndo naanza kufundisha maigizo gerezani, nina wiki sita tu na kichwa kimejaa Augusto Boal. Kwa wasiomjua, ni yule Mbrazili wa maigizo ambaye mwaka 1971 utawala wa kijeshi ulimkamata ukamtesa, akaishia uhamishoni, na ndo tuliyejifunza kwake hili igizo la jukwaa: mnacheza kisa kinachoishia vibaya, mnakirudia, halafu mtazamaji yeyote anapiga kelele "simama!" anaingia kuchukua nafasi ya anayeonewa, ajaribu njia nyingine.

Kisa walitunga wenyewe. Mama kaja kumuona mwanae, kachelewa dakika tano, askari wa getini anamrudisha. Mama aliigizwa na jibaba la ndevu lililojifunga taulo kichwani, mwanzo watu walicheka mpaka basi, ila alipokaa chini na kifurushi chake mapajani ukumbi mzima ukanyamaza. Kifurushi chenyewe kilikuwa shati limekunjwa tu.

Tukarudia. "Simama!" Jamaa mmoja mkimya, wa jikoni, tangu tuanze hajawahi kufungua mdomo, anasema anataka kuwa askari. Nikamwambia hapana kaka, kwa sheria unachukua nafasi ya mama, askari haguswi. Akaniangalia. "Kumbe hata kwenye mchezo kuna sheria, mwalimu?" Walicheka wote mpaka afande aliyekaa nyuma. Nikajiona mjinga, nikamwachia.

Akavaa ile kofia ya askari, ya boksi. Wote tunasubiri afungue geti (mi nilishaanza kupanga maswali ya mjadala kichwani, ndo ualimu huo). Mama akaomba. Jamaa akatazama mkono wake ambao hauna saa. Akatazama geti, yaani viti viwili. Akageuka nyuma kama kuna mkubwa wake anamchungulia, akamrudia mama, akafungua mdomo, akafunga. Mwishowe kwa sauti ya chini kabisa: "Muda umeisha mama yangu. Nisamehe."

Makofi hakuna. Na mimi maswali yangu yote yakapotea. Kabla sijapata la kusema afande akasimama, hesabu, wakachuchumaa mistari ya watano watano, jamaa bado kofia ya boksi iko kichwani, afande akamfikia, akamgusa bega kumhesabu, akahamia kwa wa pembeni yake.